Anza na jina la ndugu yako

Mwaka 2009 mkutano mkuu wa kijiji ulinichagua niingie kamati ya vocha. Tulikuwa sita, wanaume watatu na wanawake watatu. Wanaoukumbuka mpango ule wa ruzuku ya pembejeo wanajua: kaya ilipata vocha za mbolea ya kupandia, ya kukuzia na mbegu, za kutosha ekari moja. Serikali ililipa karibu nusu ya bei, mkulima akamalizia. Walengwa walikuwa wenye mashamba yasiyozidi hekta 1, yaani kama ekari mbili na nusu, na kaya zinazoongozwa na wanawake zitangulie.

Baba mdogo alinijia usiku. Hakuleta bahasha. Alikunywa chai, akaulizia watoto, akaaga. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwandika, mzee aliyenilipia ada ya sekondari, mwenye ekari sita na maksai. Ndiyo maana semina za rushwa hazikunisaidia kitu. Zote zilihusu pesa.

Orodha iliposomwa, mama mmoja mjane alisimama. "Mwanangu, shamba la baba yako mdogo ekari ngapi?"

Nikajibu kwamba majina yamepitishwa na kamati. Mzee Ali Hassan Mwinyi, kabla hajawa rais wa Tanzania, alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani, miaka ya 1970, kwa vifo vya watuhumiwa mikononi mwa polisi Shinyanga ambavyo si yeye aliyevisababisha. Mimi nilijificha nyuma ya wenzangu watano kwa jambo nililolifanya kwa mkono wangu.

Jina likafutwa, nafasi akapewa yule mama. Nikadhani haki imetendeka. Kumbe hakuwa na hela ya kumalizia, akamuuzia wakala wa pembejeo vocha zake kwa bei ya kutupa. Kwenye daftari alisaini kuwa amepokea mbolea.

Kwa hiyo wewe uliyechaguliwa juzi, iwe kamati ya shule au ya maji: ndugu yako akiwamo kwenye orodha, mtaje wewe kabla hajatajwa na mwingine, kisha toka nje wenzako waamue. Utanuniwa. Baba mdogo alininunia hadi mavuno. Halafu, kabla ya kugonga muhuri, uliza asiye nacho atalipaje sehemu yake. Kwenye kamati yetu ya maji swali hilo lilikula mchana mzima, mwenyekiti akawa anaangalia saa. Tulipotoka, kaya kumi na moja zilikuwa zimeandikiwa kulipia bomba kidogo kidogo, baada ya kuuza mahindi.