Mguu mmoja umevimba ghafla

SWALI: Shikamoo dokta, nimetoka Mwanza hadi Dar na basi, kesho yake kigimbi cha kushoto kikavimba, kinauma na kina joto, wa kulia uko poa tu. Mama anataka anichue na mafuta ya moto, ni nini hii?

JIBU: Marahaba. Msichue kabisa! Ninachohofia ni damu kuganda kwenye mshipa wa ndani sababu umekaa muda mrefu, na bonge likichomoka linaweza kwenda mpaka kwenye mapafu likaua, kwa hiyo nenda hospitali leo leo wakupime ultrasaundi, na pumzi ikibana au kifua kikiuma hiyo ni emajensi. Inaweza pia kuwa bakteria wamepitia kidonda au fangasi za vidoleni, au msuli umechanika. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango au umejifungua juzijuzi waambie.