Maembe magumu Jumamosi, Jumatano uji!

SWALI: Mambo vipi wahariri, Jumamosi nilinunua maembe dodo 6 pale Buguruni, magumu kabisa, nikayavundika kwenye mfuko na ndizi mbivu mbili kama bibi alivyotufundisha, nikapata safari ya msiba, kurudi Jumatano nabonyeza hivi kidole kinazama mpaka kwenye kokwa. Mume wangu anasema joto la Dar limeyapika. Mbona machungwa yaliyokuwa humohumo hayajalainika? Mama Wawili, Tabata

JIBU: Pole na msiba dada. Shemeji kapatia nusu, joto linaharakisha tu, anayefanya kazi yote ni embe lenyewe. Si unalijua lile embe bichi la chumvi na pilipili, uking'ata linalia kwachu? Huo mlio ni kuta za seli zinapasuka, maana kila seli imejengewa ukuta wa nyuzi za selulosi, na kati ya seli na seli kuna gundi inaitwa pektini ndo inazishikanisha. Sasa embe likikomaa linatoa gesi ya ethilini, gesi hiyo inaliamsha litengeneze vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia), kimoja kinaivua pektini vijikundi vya methili vinavyoikinga, vingine vinakuja nyuma vinaikatakata ile minyororo mirefu mpaka inayeyuka kwenye majimaji ya tunda, seli zinaachiana, kidole kinazama. (Utamu ni kazi nyingine, huko wanga ndo unageuzwa sukari.)

Ndizi zako nazo zilikuwa zinamwaga ethilini, mfuko ukaibana isitoke, na wewe haupo, siku nne! Machungwa hayana tabia hiyo, yakishachumwa ndo basi, hayaendelei kuiva.

Usidhani wanasayansi hawajajaribu kuvizuia hivyo vimeng'enya. Marekani walizima kimeng'enya kimoja cha pektini kwenye nyanya, wakaiuza mwaka 1994 kwa jina la Flavr Savr, na bado ililainika, kwa sababu wakata pektini ni wengi, ukimfunga mmoja wenzake wanapiga kazi.

Siku nyingine fungua mfuko kila asubuhi, nusa kwenye kikonyo, likinukia na kubonyea kidogo litoe uliweke kwenye friji, baridi itapunguza kasi. Ila bichi usiliweke, baridi inaliumiza na halitaiva vizuri. Hayo 6 kama hayajachacha kamua juisi leo leo.