Saini ya idara kwanza, safari za Ulaya baadaye

Usiliache somo hilo. Umeandika kwamba unaondoka Kampala mwishoni mwa Septemba kwenda kusoma muhula mmoja Leipzig, Ujerumani, kwamba ukifika utalitupa somo la mbinu za utafiti kwa sababu linafundishwa Ijumaa asubuhi, na kwamba mahali pake utachukua somo jepesi la katikati ya wiki ili uwe huru kuzunguka Ulaya kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumatatu. Umeuliza pia kuhusu koti la baridi, kuhusu kutafuta chumba, kuhusu kuishi na Waganda wenzako au kuwakwepa, na kama ni kweli kwamba safari humkomaza mtu. Nimeirudia sentensi yako ya Ijumaa na moyo ukanienda mbio, kwa maana hiyo ndiyo njia niliyoipita mimi, katika mji huohuo, na iliniongezea mwaka mzima chuoni.

Elewa kwanza kile ulichokitia saini. Mkataba wa masomo ni makubaliano ya pande tatu, yaani wewe, chuo chako cha Uganda na chuo kinachokupokea, na kila mstari wake unasema kwamba somo fulani la kule litahesabiwa badala ya somo fulani la huku. Muhula kamili wa Ulaya ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa vyuo vya Ulaya wa kupima uzito wa masomo, na krediti moja hukadiriwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30, kwa hiyo ni jasho la mamia ya saa, na jasho hilo lote huingia kwenye shahada yako kwa kupitia karatasi hiyo tu. Somo lisiloandikwa humo, hata ukilifaulu kuwapita wenyeji, likifika nyumbani halina pa kukaa.

Mimi nilifika Oktoba nikiwa na mkataba uliokamilika. Mbinu za utafiti za kule zilikuwa zimewekwa mkabala na somo letu la lazima la mwaka wa pili, ambalo katika chuo chetu lilifundishwa muhula wa kwanza peke yake, na mwanafunzi asiyelifaulu hakuruhusiwa kuanza utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Darasa lilikuwa Ijumaa saa tatu asubuhi, saa ambazo mabasi ya bei nafuu ya kwenda Prague nayo yalikuwa yakiondoka. Nilihudhuria mwanzoni, kisha nikaifungua orodha ya masomo, nikaona historia ya miji ya Ulaya ikifundishwa Jumanne jioni kwa Kiingereza, nikajiambia kwamba krediti ni krediti. Chuo cha kule hakikunizuia, wala hakikuwa na sababu ya kunizuia, kwa sababu hakikuwa na njia ya kujua ni somo gani limefungwa na somo gani huku kwetu. Nilibofya, mfumo ukakubali, na wepesi ule ukanifanya niamini kwamba jambo limekwisha.

Nikampigia simu mratibu wa wanafunzi wa kubadilishana katika chuo chetu. Akaniambia kwamba hakuna tatizo, nisome tu, mambo yatarekebishwa nikirudi. Aliyasema hayo kwa mdomo, nami nikayapokea kwa masikio bila kumwomba aandike hata mstari mmoja. Mali bila daftari huisha bila habari, na krediti za masomo ni mali kama mali nyingine yoyote. Niliporudi, idara ilikubali kuihesabu historia ya miji kuwa somo la hiari, ambalo sikulihitaji, na ikaamua kwamba mbinu za utafiti bado ninadaiwa. Mratibu alisema hayakumbuki mazungumzo yetu. Sikuwa na barua pepe, sikuwa na fomu ya mabadiliko, sikuwa na saini. Ikabidi nisubiri hadi Agosti ili somo lianze tena, nikaketi darasani na walioingia chuoni baada yangu, na utafiti wangu ukasogea mwaka mmoja mbele. Wenzangu walipovaa majoho, mimi nilikwenda kuwapiga picha.

Gharama hiyo haikubaki kwangu. Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Tororo. Ada ya mwaka ule wa ziada, kodi ya chumba Kampala na chakula changu alivigharamia kwa mkopo wa mshahara, na makato yale yaliendelea kumla kila mwezi hata baada ya mimi kuhitimu. Unapoipiga hesabu ya safari zako, mdogo wangu, usiihesabu nauli ya basi peke yake. Mweke mezani na yule atakayelipa endapo jambo litaharibika.

Sasa niseme juu ya yule kaka aliyetuingiza katika mkumbo huu, maana maneno uliyoyanukuu, eti masomo ya kule ni sababu tu ya kupata visa, ni yake neno kwa neno, hata kama wewe umeyasikia kwa mtu mwingine. Alikuwa ametutangulia kule, akawa na kundi la WhatsApp la wanaojiandaa kusafiri, na kila wiki alitutumia picha zake, leo Paris, kesho Barcelona. Alituambia kwamba masomo ya kule ni sababu tu ya kupata visa, kwamba wanafunzi wa kubadilishana hupitishwa kwa huruma, na kwamba idara za Uganda hukubali chochote chenye muhuri wa Ulaya. Kitu ambacho hakukisema, nami nilikuja kukijua nikiwa nimekwisha kuumia, ni kwamba yeye alikuwa ameshamaliza masomo yote ya lazima kabla ya kuondoka, na muhula ule ulikuwa wa masomo ya hiari matupu. Angeweza kusoma ususi wa vikapu na bado angehitimu. Ushauri wake ulikuwa sahihi kwa mtu mmoja tu duniani, naye alikuwa yeye, lakini aliugawa kwa kundi zima kama dawa ya kila ugonjwa. Nilipomwandikia kumweleza yaliyonipata, aliniondoa kwenye kundi. Bado jambo hilo linanikasirisha, na sioni sababu ya kulificha. Mtu anayewashauri vijana kuhusu shahada zao anapaswa kwanza kuwauliza wanasoma nini na wako mwaka wa ngapi.

Najua watakuja wengine hapa kusema kwamba walitembea nchi kumi na wakafaulu. Nawaamini, na ninafurahi kwa ajili yao, lakini kila mmoja wao aseme pia kama alibadilisha somo la lazima bila maandishi. Na asiwepo wa kuniambia kwamba nimekuwa mzee wa kuwachukia wanaosafiri, kwa sababu nikipewa tiketi leo jioni, kesho asubuhi mtanitafuta Entebbe.

Liko na jambo la alama. Kule Ujerumani alama ya juu kabisa ni 1.0, kufaulu kunaishia 4.0, na 5.0 maana yake umeanguka. Katika vyuo vingi vya Uganda wastani wa 5.0 ndio kilele, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Mimi nilirudi na alama ya 1.7, ambayo kule ni nzuri sana, na karani aliyeipokea transkripti yangu, yaani hati ya matokeo, alinipa pole. Kabla hujaondoka Leipzig, omba maelezo ya kipimo cha alama kwa Kiingereza, yenye muhuri, yaambatanishwe na transkripti yako, na kabla hujaondoka Kampala iulize idara yako itatumia jedwali gani kuzigeuza. Majibu yote mawili uyapate kwa maandishi.

Halafu ratiba yako ya Februari imenitia hofu kuliko hata Ijumaa zako. Umeandika kwamba wiki ya kwanza ya Februari utaanza mzunguko wa Paris, Roma na Barcelona kwa sababu masomo yatakuwa yanamalizika. Muhula wa majira ya baridi kule huanza rasmi tarehe 1 Oktoba na kuisha tarehe 31 Machi. Kinachokoma Februari ni mihadhara, na mitihani mingi hufanyika katika siku hizohizo za mwisho wa mihadhara au baada yake. Tena mtihani wenyewe una usajili wake mbali na usajili wa somo, wenye tarehe ya mwisho ambayo mara nyingi hupita wiki kadhaa kabla ya mtihani, na mtu aliyehudhuria kila darasa tangu Oktoba anaweza kuzuiwa kwa sababu jina lake halimo kwenye orodha. Katika vyuo vyetu tumezoea kuona ratiba ikibandikwa ubaoni na kila aliyelipa ada anakaa. Kule hakuna atakayekukumbusha. Utakapokuwa bado katika mitihani hiyo, muhula wa pili wa hapa nao utakuwa umeanza au unakaribia kuanza, kwa hiyo unahitaji barua ya ruhusa ya kuchelewa kuripoti, na barua hiyo huombwa kabla ya safari.

Kuhusu safari na kukomaa, umeuliza kwa dhati, nami nitakujibu kwa dhati. Prague niliiona, Vienna niliiona, na nikiwa mkweli sikumbuki nilijifunza nini humo zaidi ya kusoma ramani na kulala kwenye basi. Tarehe 9 Oktoba Leipzig hukumbuka usiku wa mwaka 1989 ambapo watu wapatao 70,000 waliandamana kwa amani kutoka Kanisa la Mtakatifu Nikolai na barabara zake, wakiwa hawajui kama watapigwa risasi, na mwezi uliofuata Ukuta wa Berlin ukafunguka. Watu hujaa mjini na mishumaa siku hiyo. Mimi sikuwapo, nilikuwa nimepanga foleni ya kupiga picha kwenye daraja la mji mwingine. Habari hiyo nilikuja kuelezwa baadaye jikoni na mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa ameandamana mwenyewe akiwa msichana, na saa ile moja ya jikoni ilinifungua macho kuliko miji yote niliyoikimbilia.

Jambo la pili lilitoka chuoni hapohapo. Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili, na nilikutana na kijana wa Kijerumani aliyekisema kwa ufasaha ulionitia haya. Akaniuliza, bila ubaya wowote, inakuwaje Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na bado Waganda wengi aliokutana nao walimjibu kwa Kiingereza. Sikuwa na jibu la maana. Nilianza kukutana naye mchana kwenye mkahawa wa wanafunzi, yeye akinirekebisha ngeli na mimi nikimsimulia habari za nyumbani, na ndiyo maana leo ninaweza kukuandikia hivi. Mambo kama hayo humpata mtu anayeonekana mahali pamoja wiki baada ya wiki, hata wenyeji wakaanza kumtambua.

Sikukatazi kutembea. Kwa treni za mikoa, kutoka Leipzig unakwenda na kurudi siku moja Halle, Dresden, Weimar au Wittenberg, mji ambao Martin Luther alianzisha matengenezo ya kanisa mwaka 1517, na Jumamosi inatosha kabisa. Tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima inagharimu euro 63 tangu Januari 2026 na inakubaliwa kwenye treni hizo pamoja na tramu na mabasi ya mijini, ila usipande nayo treni za kasi za ICE, utatozwa faini. Ukienda Weimar, tenga nusu siku ukaitembelee Buchenwald, iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi kuanzia 1937 hadi 1945. Kuingia ni bure, na utatoka ukiwa kimya. Ile miji mikubwa iweke baada ya mtihani wa mwisho, ukiwa umeshahakikisha tarehe ya mwisho ya visa yako. London itoe kabisa kwenye orodha, kwa sababu Uingereza haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka, na visa ya Ujerumani haikufikishi huko.

Koti nunua soko la Owino, Kampala, kabla hujaondoka, zito, lenye kofia na linalozuia upepo. Viatu subiri ununue kulekule.

Leo hii, kabla hujalipa tiketi yoyote, mwandikie barua pepe mkuu wa idara yako, nakala kwa mratibu na kwa ofisi ya msajili. Waulize mambo matatu: somo la mbinu za utafiti la Leipzig litahesabiwa badala ya somo lipi, je, idara inakubali ulibadilishe, na kama inakubali, ni nani atakayetia saini fomu ya mabadiliko. Wakikupigia simu kukujibu, wasikilize kwa heshima, washukuru, kisha ukate simu na uwaandikie papo hapo: "Kama tulivyozungumza leo, mmeniambia kwamba..." na uwaombe wathibitishe. Wasipothibitisha, Ijumaa saa tatu asubuhi uwe darasani.