Jibu: Ndugu watano, mgonjwa mmoja, na wote wanataka maelezo
Pole sana dada, muuguzi mwenzangu, kwa zamu hizo za wodini. Kama nimekuelewa swali lako, mgonjwa mwenyewe hakusumbui. Wanaokusumbua ni ndugu zake watano, kila anayefika anauliza upya habari ya dripu, ukichelewa unaambiwa una dharau. Kwanza angalia kama daktari ameshawaeleza hali halisi. Mara nyingi kelele zile ni hofu tu. Mimi huwaomba wachague msemaji mmoja, naandika jina na namba yake kwenye faili, wengine nawaelekeza kwake. Nikisema narudi baada ya nusu saa, narudi, hata majibu ya maabara yakiwa hayajatoka. Ndugu akianza matusi usibishane: ita mlinzi na mkuu wa zamu, kisha andika kwenye kitabu cha ripoti. Nasema ya wodi ya wanaume. Ya watoto sijawahi kushika.