Barua kwa Mwanangu Kuhusu Filamu Mbili na Ghala Moja

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa swali lako halistahili jibu la haraka. Unasema kwamba wewe na mwenzako wa kazini mmebishana wiki nzima juu ya Reservoir Dogs, filamu ya Quentin Tarantino ya mwaka 1992. Yeye anashikilia kwamba imeibwa kutoka City on Fire, filamu ya Hong Kong iliyoongozwa na Ringo Lam mwaka 1987. Wewe unashikilia kwamba ni kazi mpya isiyodaiwa na mtu, na sasa mmefikia kununiana. Ukaniuliza mimi, niliyefundisha fasihi miaka yote ile, ni nani kati yenu mwenye haki. Juma hili nimezitazama zote mbili, usiku mmoja baada ya mwingine, nikaanza na ile ya Hong Kong.

Nitangulize lile litakalokuuma: mwenzako hakuzua jambo. Katika filamu zote mbili yumo askari kanzu aliyejipenyeza katika genge la majambazi wanaopanga kuvamia duka la vito. Uvamizi unaharibika, risasi zinarindima, askari yule anapigwa risasi ya tumbo, na walionusurika wanakimbilia ghalani. Humo mkuu wa genge anamnyooshea kidole kuwa ndiye msaliti, na jambazi mmoja aliyekwisha kumpenda kama ndugu yake wa damu anasimama kumtetea, hata bastola zikawa zimeelekezwa huku na huku, kila mmoja akilenga na kulengwa. Mwisho wake askari, roho ikiwa karibu kumtoka, anamkiria mtetezi wake kwamba shutuma zile zilikuwa za kweli. Hata picha moja imevuka bahari karibu nzima, ile ya jambazi mwenye bastola mbili akimimina risasi kwenye kioo cha mbele cha gari la polisi. Mambo mawili yakifanana tunaweza kusema ni sadfa, lakini yakifikia idadi hii na kufuatana kwa mpangilio huu, siwezi kuamini kwamba mtunzi wa pili hakumjua wa kwanza.

Wala deni haliishii Hong Kong. Majina ya rangi wanayopewa majambazi yalikwisha kutumika mwaka 1974 katika The Taking of Pelham One Two Three, ambamo watekaji wa treni ya chini ya ardhi mjini New York wanaitana Blue, Green, Grey na Brown. Wezi wanaokusanywa na bwana mmoja bila wao kujuana walikuwamo katika Kansas City Confidential ya mwaka 1952, wakiwa wamevalishwa barakoa. Ufundi wa kuivunjavunja saa ya wizi na kuisimulia kwa vipande, Stanley Kubrick aliuonyesha katika The Killing mwaka 1956. Tarantino alifanya kazi miaka kadhaa katika duka la kukodisha kanda za video huko Manhattan Beach, California, akizisoma filamu kama mwanafunzi wa ushairi anavyowasoma malenga wa kale, na amekwisha kusema hadharani kwamba yeye huchota kutoka kila filamu. Basi ukimtetea kwa kusema kwamba hakuchota, unamkania jambo ambalo mwenyewe hakulikana.

Hata hivyo, mwanangu, macho yako hayakukudanganya. Katika filamu ya Lam tunajua tangu mwanzo kwamba Chow Yun-fat anaigiza askari, na sehemu kubwa ya muda wetu inapita ndani ya mateso yake: mkubwa wake anayemsukuma katika kazi asiyoitaka tena, mchumba aliyechoka kumngoja, na kumbukumbu ya rafiki ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumsaliti. Ghala linakuja mwishoni, kama kaburi ambalo tulikuwa tukiliona likichimbwa. Tarantino amelichukua ghala hilo akalifanya nyumba nzima. Wizi wenyewe hauonyeshwi kabisa. Tunawakuta wanaume wakinywa kahawa mkahawani na kubishana juu ya bakshishi, na punde si punde tunamkuta mmoja wao akipiga mayowe kwenye kiti cha nyuma cha gari, damu imemlowesha. Nani amewasaliti hatuambiwi, mpaka filamu imekwenda mbali, pale yule tuliyedhani amekwisha kukata roho sakafuni anapoinua bastola na kumuua mwenzake aliyetaka kumchoma moto polisi waliyemteka. Kwa hiyo katika filamu ya Lam tunamwogopea askari, na katika hii tunakaa upande wa majambazi, tukimtilia shaka kila anayefungua kinywa. Mifupa ni ile ile, lakini hofu iliyomo ni nyingine kabisa, na mimi naamini kwamba hofu ile ndiyo kazi yenyewe ya filamu ya uhalifu.

Angalia pia kile kilichotokea kwa vitu vilivyochotwa. Ndani ya treni ya New York majina ya rangi ni vazi la kujificha tu. Hapa yamekuwa sheria iliyowekwa ili ivunjwe. Mr. White, yule mtetezi, anamwambia kijana aliyejeruhiwa jina lake halisi na mji atokako, na kwa sababu hiyo hawezi tena kupelekwa hospitali, maana atakuwa ameibeba siri kitandani pake. Huruma ya mzee yule inageuka kitanzi cha wote wawili. Tena katika filamu ya Lam askari anapigwa katika mapambano na polisi, lakini kwa Tarantino anayempiga ni mwanamke waliyetaka kumnyang'anya gari lake, naye askari anajibu kwa kumuua papo hapo. Kuanzia hapo damu inayomtoka haimtakasi.

Lakini sehemu iliyonifanya niisimamishe filamu na kukaa kimya ni ile ya hadithi ya msalani. Polisi anayemfundisha Mr. Orange, yaani yule askari kanzu, anamkabidhi kurasa chache zenye kisa cha uongo, cha mtu mwenye bangi begani anayeingia msalani katika kituo cha treni na kuwakuta polisi pamoja na mbwa wao, kisha anamwagiza ashike yale ya msingi na yaliyobaki ayafanye yake. Tunamwona akikikariri chumbani kwake huku akitembea huku na kule, kisha akikisimulia nje mbele ya mwalimu wake, kisha mezani kwa majambazi, na hatimaye tunamwona amesimama ndani ya msala ule ule ambao haukuwahi kuwapo, mbwa akimbwekea. Maneno aliyopewa na mtu mwingine yamekuwa maisha yake. Hakuna kitu kama hicho katika filamu ya Lam. Naamini kwamba hapo Tarantino ametuonyesha, kwa kujua au kwa kutojua, jinsi yeye mwenyewe anavyofanya kazi, na fanani yeyote aliyewahi kurithi ngano kutoka kwa bibi yake angemwelewa bila kufafanuliwa.

Utakumbuka nilivyowafundisha takhmisa nyumbani, jioni zile umeme ulipokatika. Mshairi huchukua vipande viwili vya mwenziwe, akavitangulizia vitatu vyake vyenye vina vinavyooana, ubeti ukawa wa vipande vitano. Sayyid Abdallah bin Nasir alifanya hivyo kwa maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, na hakuna aliyemwita mwizi, wala aliyesema kwamba vile vitatu si vyake. Sababu ni kwamba takhmisa huliweka deni wazi: tunaiita Takhmisa ya Liyongo, na mwenye vipande vya kwanza anatajwa kabla hatujausikia ubeti hata mmoja.

Hapo ndipo ninapokuwa upande wa mwenzako. Tarantino aliandika katika muswada wake orodha ya watu aliowatabarukia kazi ile, na jina la Chow Yun-fat limo. La Ringo Lam halimo. Wala City on Fire haikuwa filamu ya vichochoroni, kwani ilimpa Lam tuzo ya mwongozaji bora na Chow ya mwigizaji bora katika Tuzo za Filamu za Hong Kong. Martin Scorsese alipoitengeneza The Departed mwaka 2006 kutokana na Infernal Affairs, filamu nyingine ya Hong Kong, ya mwaka 2002, deni lilitajwa, na William Monahan akapewa Oscar ya muswada uliotokana na kazi nyingine. Ingawa hata usiku ule mtangazaji alisema asili yake ni filamu ya Kijapani, jambo ambalo bado linanikera.

Ile Kaante tuliyoitazama pamoja ulipokuwa mdogo, ya Sanjay Gupta, yenye Amitabh Bachchan, nayo ni ya mwaka 2002 na imetokana na Reservoir Dogs. Yeye aliurudisha wizi mbele ya macho yetu na akawapa majambazi familia, yaani alivirudisha vile ambavyo Tarantino alikuwa amevitoa. Nadhani ndiyo maana ulilia katika ile, na katika hii umebaki umekunja ngumi.

Jibu langu, basi, ni kwamba kisa ni cha kuchota na usimulizi ni mpya, na ningeiita kazi asilia bila kusita laiti jina la Ringo Lam lingekuwapo kwenye kioo pamoja na mengine. Lam alifariki mwaka 2018. Mkaribishe mwenzako nyumbani, mwanze na yake kama nilivyofanya mimi, na mtakapofika kwenye ghala la pili uniandikie ni wakati gani hasa mlisahau kwamba mlikwisha kulijua litakalotokea.

Mama anakusalimu sana.

Baba yako