Naswali istikhara lakini sioti chochote. Nifanye nini nipate mwelekeo?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 29, naendesha bodaboda Kondele hapa Kisumu, nina mke na mtoto mmoja. Nimekwama. Kuna wakala anataka kunipeleka Ghuba kazi ya udereva, na kaka yangu anataka nijiunge na chuo cha ufundi nisomee umeme. Nimeswali istikhara mara nyingi na sijaota chochote. Usiku niko kwenye simu na mpira hadi saa 8, Alfajiri inanipita, mchana natafuna majani ya muguka nisisinzie barabarani. Juzi nilipimwa presha ikawa juu, nikapewa tembe, lakini jirani ananiambia niziache nitumie habbat soda na asali. Je, istikhara yangu imekataliwa? Na nishike mambo gani kila siku ili maisha yangu na afya yangu vikae sawa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu.

Istikhara, yaani swala ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lenye heri, haijakataliwa kwako. Hadithi yake ameipokea sahaba Jabir bin Abdillah, na imo katika Sahihi ya Bukhari. Anasema Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani: rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua. Isome dua hiyo kwa utulivu uone unachoomba. Unasema: ikiwa jambo hili lina heri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, niandikie, nirahisishie, kisha nibarikie, na ikiwa ni shari, liepushe nami na uniepushe nalo, unikadirie heri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Ndoto haimo. Aliyekuambia uingoje amekuwekea sharti ambalo Mtume hakuliweka. Jibu la istikhara hulioni usingizini, unaliona katika jambo lenyewe linavyokwenda: linarahisika, au linakukimbia.

Ila lipo unalopaswa kulitengeneza. Katika dua hiyo mtu hulitaja jambo lake, nawe una mambo mawili na hakuna hata moja ulilolichunguza. Mwenyezi Mungu alimwambia Mtume wake awashauri watu katika mambo, kisha akishaazimia amtegemee Yeye (Aal Imran, 159). Ushauri, azma, halafu kutegemea. Basi nenda chuoni ukaulize karo, muda wa masomo, na kama kuna ya jioni ili usiache pikipiki. Muulize wakala jina la kampuni yake, kisha uhakikishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwamba imesajiliwa. Akikasirika kuulizwa, umeshapata jibu lako. Kisha mtafute aliyerudi kutoka huko, hawakosi hapa mjini, umuulize mshahara aliopokea mkononi, si ule ulioandikwa kwenye karatasi. Pia Ghuba hawakuchukui bila vipimo vya hospitali, kwa hiyo hiyo presha yako imo ndani ya uamuzi huu upende usipende. Ukishajua hayo, chagua moja, liswalie kwa jina lake, na uanze kulifuata.

Sasa usiku wako, na hapa naomba unisikilize sana, kwa kuwa naona shida zako nyingi zinaanzia hapo. Katika dini yetu siku huanza jua linapozama. Anayetaka asubuhi njema huitengeneza tangu Magharibi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kupiga soga baada yake. Sisi wa Kisumu hatuna udhuru mkubwa. Mstari wa ikweta unapita hapo Maseno, kwa hiyo nyakati zetu za swala hazipishani zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima: Isha ni karibu saa 2 usiku, Alfajiri huingia saa 11 na kitu. Ukilala saa 4 unapata usingizi wa saa saba na bado unaiwahi swala ya jamaa. Mechi za Ulaya zinazoanza saa 5 usiku ziache, matokeo utayakuta asubuhi. Simu ichaji sebuleni, usiiweke karibu na mto. Na kengele ya kukuamsha mkabidhi mke wako. Mume na mke kuamshana kwa ajili ya swala ni jambo ambalo Mtume amewaombea rehema wanaolifanya.

Alfajiri iliyokupita ukiwa umelala, iswali mara tu unapoamka, ndivyo hadithi ya Anas inavyosema. Lakini anayekesha kwa hiari yake akijua haamki, huyo si sawa na aliyeshikwa na usingizi. Kwa hilo leta toba.

Ukilala, muguka hutaihitaji. Wanazuoni wametofautiana kuhusu miraa na jamaa zake. Wapo walioiharamisha, na wapo kama Ibn Hajar al-Haytami wa madhehebu ya Shafii, katika karne ya 16, ambaye hakukata kuwa ni haramu bali alisisitiza watu wajiepushe nayo. Kwako wewe mimi sioni nafasi ya kutafuta rukhsa. Kutafuna huko kunapandisha presha, nawe tayari iko juu. Kunakunyima usingizi usiku, kesho yake unatafuna tena. Na abiria anayepanda kwako Kondele kwenda Mamboleo amekukabidhi roho yake. Usimbebe ukiwa unasinzia, wala ukiwa macho kwa nguvu ya majani.

Tembe usiziache. Kweli habbat soda imetajwa katika hadithi sahihi kuwa ina shifaa, na asali imetajwa katika Qur'ani. Lakini Mtume huyohuyo aliulizwa kuhusu kujitibu akasema: jitibuni, enyi waja wa Allah, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Presha haina maumivu ya kukuonya. Mtu hujiona mzima hadi siku anapoanguka. Mweleze daktari kila unachotaka kutumia, na rudi kupimwa tarehe uliyopewa hata kama unajisikia vizuri. Ikiwa vipimo vinarudi 140 kwa 90 au zaidi, jirani yako hana la kukuambia.

Chakula sitakirefusha. Theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji, theluthi kwa pumzi, kama alivyopokea Tirmidhi. Punguza chipsi na soda za stejini, usiongeze chumvi mezani. Mrenda, managu na omena zipo soko la Kibuye kwa bei unayoiweza. Na msikitini nenda kwa miguu, pikipiki ibaki nyumbani. Unakaa juu ya tandiko mchana kutwa, mwili unakudai hatua, na hatua za kwenda swala ya jamaa kila moja inakuinua daraja na kukufutia kosa.

Usiyabebe yote haya kwa wiki moja. Sahaba Salman al-Farisi alipomtembelea sahaba mwenzake Abu Dardaa alimkuta anafunga mchana na kuswali usiku kucha, na mkewe amejiachia bila kujipamba. Akamlazimisha kula, akamwambia alale. Usiku ulipokaribia kwisha ndipo akamwamsha wakaswali, akamwambia: Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki kwako, na ahali zako wana haki kwako, mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume aliposikia akasema: Salman amesema kweli. Nawe umeegemea upande mwingine, lakini waliodhulumiwa ni walewale: mwili wako na mkeo. Anza na kulala saa 4 na kuiwahi Alfajiri, hayo tu. Amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu ingawa ni kidogo. Yakishakuwa mazoea, ongeza kuacha muguka, kisha funga ya Jumatatu na Alhamisi ikiwa daktari atakuruhusu na hizo tembe.

Ukishazungumza na chuo na kumchunguza wakala, niandikie ulichokipata, tukitazame pamoja kabla hujaweka sahihi popote.

Wallahu aalam.