Beetle kupata moto mlima wa Nyang'oro

Pole ndugu yangu. Umesema Volkswagen Beetle yako ya 1972 inapata moto na kuishiwa nguvu ukitoka Dodoma kwenda Iringa, pale Nyang'oro baada ya Mtera, na fundi anataka kukufungia feni ya umeme. Usikubali kwanza.

Injini ile haina maji. Inapozwa na upepo na oili yake, lita 2.5 tu. Feni inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo ukiing'ang'aniza gia ya nne mlimani, feni inazunguka polepole wakati joto ndiyo limepanda. Ingiza ya tatu mapema, hata ya pili.

Kisha fungua nyuma, iliko injini, kagua ile raba inayozunguka injini. Ikiwa imekatika, feni inavuta hewa ya moto kutoka chini. Na vile vibati vya pembeni mwa injini, vinavyoongoza upepo, ambavyo mafundi wengi huvitupa, vitafute kwa udi na uvumba! Nafasi ya tapeti (za valvu) iwekwe 0.15 mm, injini ikiwa imepoa kabisa.

Taa ya chaji ikiwaka njiani, simama hapohapo: huenda mkanda umekatika, na ndio unaozungusha feni. Ukiendelea, injini itanoki.

Nguvu isiporudi, fundi apime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), hasa silinda ya tatu, ndiyo hupata moto zaidi.